Leseni za Jumla za Programu kwa Kampuni ya Kati

Anayenunua programu ya kompyuta hununua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ndiyo leseni. Leseni ya Windows inayokuja na kompyuta mpya kutoka kiwandani hufungamana na kompyuta hiyo. Mashine ikifa, leseni nayo imekwisha. Leseni za jumla hukusanya watumiaji au vifaa vya kampuni chini ya mkataba mmoja.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kampuni inayotumia Windows Server, programu ya kuendesha seva, hulipia leseni ya seva yenyewe, kisha hulipia haki ya kuifikia, ama kwa kila mtumiaji ama kwa kila kifaa. Ghala lenye wafanyakazi 90 wa zamu tatu wanaopokezana kompyuta 30 linahitaji leseni 30 za vifaa; likihesabu watu, litalipia 90. Ofisi ambayo kila afisa ana kompyuta ya mezani, ya mkononi na simu hufaidika kwa kuhesabu watu. Kampuni moja yaweza kuwa na makundi yote mawili, kwa hiyo hesabu ifanywe idara kwa idara.

Kosa jingine ni kununua kompyuta tupu kwa kutegemea leseni ya jumla ya Windows. Leseni hiyo ni ya kupandisha toleo tu: kila kompyuta lazima iwe tayari na leseni halali ya Windows.

Kwa bidhaa za Microsoft, mkataba wa Open Value huanzia watumiaji au vifaa 5, nao hudumu miaka 3. Enterprise Agreement huanzia 500, hivyo kampuni nyingi za kati haziufikii. Mpango wa zamani wa Open License haupokei ununuzi mpya tangu Januari 2022. Microsoft 365 ya daraja la Business hulipiwa kwa mwezi au mwaka, na mwisho wake ni watumiaji 300; malipo yakikoma, haki ya kutumia nayo hukoma. Kwa wanaoandika barua na majedwali ya kawaida, programu ya ofisi ya LibreOffice haina ada, na inastahili kujaribiwa kabla ya kulipia.

Tanzania hulinda programu za kompyuta kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa hiyo, ili kampuni iweze kuthibitisha leseni zake, ankara, mkataba na akaunti ya leseni viandikwe kwa jina la kampuni, si la fundi aliyeziweka programu.