Dondoo muhimu: Ulale Kyela mjini au Matema?

Kama unawahi mpaka wa Kasumulu wa kuingia Malawi, lala Kyela mjini. Gesti zipo, na wali wa huko hauhitaji utangulizi. Aliyefuata Ziwa Nyasa apitilize Ipinda hadi Matema, chini ya milima ya Livingstone. Usilipe kabla hujaingia chumbani: fungua bomba, kunjua neti uitazame matundu (huku mbu hawana likizo), kisha uliza kama bei ni ya chumba au ya kichwa, na kama chai ya asubuhi imo. Beba fedha taslimu. Machi hadi Mei mvua ya Kyela haina mzaha, ulizia barabara kwanza. Ukifika Ijumaa, Jumamosi utaliwahi soko la Lyulilo, jirani na Matema, ambako vyungu vya Wakisi hufika kwa mitumbwi.