Picha Zinazoganda Baada ya Dakika Nne

*Katika nyumba yetu ya wageni hapa Dabaso, televisheni za vyumbani hupokea picha za mtambo mmoja kupitia swichi. Tangu tuibadilishe swichi, picha huja safi, kisha baada ya dakika nne hivi huganda. Tufanyeje?*
*Msomaji, Dabaso*

Ndugu yangu, usinunue waya mpya, wala usizilaumu televisheni, kwani dakika hizo ulizozihesabu ndizo dalili yenyewe. Swichi, ili isimwagie kila chumba kila idhaa, huyasikiliza maombi ya IGMP, yaani itifaki ambayo televisheni huombea idhaa, na kuandika daftarini ni mlango gani utakao idhaa gani. Lakini maandishi hayo, kwa kawaida, hufutwa baada ya sekunde 260 yasipothibitishwa, na televisheni hazithibitishi ila ziulizwe, na muulizaji, ambaye aghalabu ni ruta, hupaswa kuuliza kila sekunde 125. Kwenu, yamkini hakuna aulizaye.

Basi ingia katika mipangilio ya swichi, sehemu ya IGMP, utazame orodha ya milango ya ruta. Ikiwa orodha ni tupu, washa muulizaji katika ruta. Na ruta isipoweza kazi hiyo, iamuru swichi yenyewe iulize, nayo ipewe anwani ya IP. Ruta ikiuliza na mlango wake usionekane bado, uteue kwa mkono, huo peke yake. Tafadhali usiteue yote, maana kila mlango wa ruta humiminiwa idhaa zote, na wageni wako watakosa hata intaneti.

Picha zikizidi kuganda, mwite fundi wa mtandao achunguze kama muulizaji na televisheni wamo katika VLAN moja, yaani tawi moja la mtandao. Na uhifadhi mipangilio: katika swichi nyingi, isiyohifadhiwa hupotea umeme ukikatika.