Umerudi Dar na Kamera? Ya Kufanya na ya Kutofanya

Kabla hujashuka Posta kupiga majengo, sikiliza.

Usielekeze kamera Ikulu, kituo cha polisi, kambi ya jeshi, bandarini wala kwa askari aliye kazini. Kuzaliwa Muhimbili si kibali. Ukiambiwa futa, futa.

Nenda Jumapili asubuhi. Siku za kazi mitaa ya Uhindini, kuanzia Jamhuri hadi Indira Gandhi, magari hupaki yakabanana mpaka milango haionekani.

Angalia jua. Wengi wenu mnakuja Desemba, na Desemba jua la mchana Dar hukaa upande wa kusini, kwa hiyo ukuta unaotazama kaskazini uko kivulini. Juni na Julai ni kinyume. Saa sita usipige kabisa: kila roshani inaangusha kivuli kizito kwenye ukuta ulio chini yake.

Usisimame miguuni pa Kanisa la Mtakatifu Yosefu ukainua simu juu. Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902 likiwa wima. Wewe utalionyesha linaanguka chali. Vuka barabara, shika kamera wima. Geti la boti za Zanzibar litakuwa mgongoni mwako. Liache hukohuko.

Usipige majengo ya Wajerumani tu. Soko la Kariakoo, lenye paa la zege mithili ya miavuli, lilichorwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Mwaka 2021 liliungua. Waliokuwa wakilipita kila siku wakaanza kuulizana nani ana picha yake.

Uhindini, inua macho. Chini utaona bango la wakala wa pesa na duka la vipuri. Juu kabisa, kwenye ukingo wa paa, tafuta jina la mwenye nyumba na mwaka, vimechongwa kwenye saruji. Katikati kuna roshani iliyopinda kufuata kona, kiyoyozi kinachodondosha maji, nguo zimeanikwa, na nyaya hazihesabiki. Hizo nyaya usizifute kwa programu! Ukizifuta umechora mji wa ndoto zako, na huo hatukukuomba.

Nguo zikiwepo, watu wapo. Usivute lenzi mpaka ndani ya dirisha la mtu.

Mlinzi mwamkie kwanza. Kama kakuzidi umri, shikamoo, ndipo ueleze shida yako. Akisema mpaka bosi aje, msubiri bosi au ondoka. Usimchomekee elfu tano, maana kesho kijana wa chuo atakayekuja na daftari lake la kuchorea ataambiwa naye atoe.

Usiwalalamikie wenyeji kwamba maghorofa ya vioo yameharibu mji. Walikuwepo yakijengwa, wewe hukuwepo.

Usiku huohuo andika mtaa, kona na tarehe ya kila picha. “Jengo la zamani, Dar” halitamsaidia atakayelitafuta likishavunjwa.