Derivativu Ikiwa Sifuri, Usikimbilie Kuandika "Kilele"

Barua za safari hii zimetoka kwa watahiniwa wa KCSE na wanafunzi wa mwaka wa kwanza pale Chiromo. Nimechagua zile zinazoniudhi zaidi.

Nimepata mahali derivativu ni sifuri. Hapo si ndipo kilele au bonde? (Kawangware, Kangemi na Uthiru, nawajibu pamoja)

Si lazima! Derivativu ni mwinamo wa grafu. Ikiwa sifuri, grafu imelala mahali hapo, basi. Kulala si kugeuka. Mpanda baiskeli anayetoka Westlands kwenda Kikuyu akifika mahali tambarare hawezi kudai amemaliza mlima.

Chukua f(x) = x³ − 3x² + 3x. Derivativu yake ni 3x² − 6x + 3, yaani 3(x − 1)². Inakuwa sifuri x ikiwa 1 tu. Sasa pima pande zote mbili: x ikiwa 0 unapata 3, x ikiwa 2 unapata 3 vilevile. Chanya kabla, chanya baada. Grafu inapanda, inatulia, inapanda tena. Kilele hupatikana alama inapotoka chanya kwenda hasi. Bonde, inapotoka hasi kwenda chanya.

Najua mtaniletea derivativu ya pili. Nayo ikiwa sifuri haikuambii lolote. Ya x⁴ ni 12x²: ni sifuri pale x ni 0, na hapo pana bonde. Ya x³ ni 6x: ni sifuri papo hapo, na hapana bonde wala kilele. Anayewafundisha kwamba sifuri hiyo daima ni nukta ya mpindo anapotosha watoto wa watu. Chora jedwali la alama, kushoto na kulia. Halichukui hata dakika moja.

Mwalimu wa tuisheni ametuuzia kijitabu cha "siri": x = −b/2a kwa kila swali.

Mdai pesa zenu. Derivativu ya ax² + bx + c ni 2ax + b. Ilinganishe na sifuri, fomula hiyo inajitokeza yenyewe. Ni ya kwadratiki peke yake, wala si siri. Kuipachika kwenye swali lenye x³ ni kubahatisha.

4x³ − 4x = 0: nimegawa kwa 4x nikapata majibu mawili, kitabu kina matatu.

Umegawa kwa kitu ambacho huenda ni sifuri. Andika 4x(x − 1)(x + 1) = 0.

Programu ya simu imenipa x = 10 na x = 30 kwa swali la debe. Nichague lipi?

Muulize fundi wa Kamukunji. Bati ni mraba wa sentimita 60. Anakata mraba wa upande x kila pembe, kisha anakunja. Ujazo ni x(60 − 2x)², na derivativu ni (60 − 2x)(60 − 6x). Akikata 30, bati lote limeishia kwenye vipande na hakuna debe. Akikata 10, kitako ni 40 kwa 40, kimo 10: sentimita za ujazo 16,000, yaani lita 16. Simu haijawahi kushika bati.

Kutafuta sifuri ya cos x − x, kalkuleta inasema 0.9998, kitabu 0.739.

Kalkuleta yako iko kwenye digrii, kitabu kinatumia radiani, kwa sababu derivativu ya sin x ni cos x pale tu pembe inapopimwa kwa radiani. Ibadilishe.

Nikishapata x, nimemaliza?

Soma swali tena: wameuliza x au ujazo?

Thamani kubwa kabisa ya x³ − 12x kati ya 0 na 5: nimeandika −16, nikakosa alama zote.

Ulistahili kuzikosa. Derivativu, 3x² − 12, ni sifuri x ikiwa 2, na −16 ndiyo thamani *ndogo* kabisa. Hukupima mipaka. Kwenye 0 unapata 0. Kwenye 5 unapata 65, ambako derivativu ni 63, wala haikaribii sifuri. Jibu ni 65.