Kufinyanga Kasa kwa Mkono

Hapa Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, tuna udongo na tuna kasa. Ng'amba aliuawa sana kwa ajili ya gamba lake la mapambo. Sheria ya Kenya ya 2013 inamlinda. Basi anayetaka pambo na afinyange, kama nifanyavyo mimi.

Kanda udongo na vigae vilivyosagwa. Finyanga vibakuli viwili, kimoja gamba, kimoja tumbo. Chanja kingo, paka uji wa udongo, viunganishe. Ndani kuwe wazi, na utoboe tundu chini ya mkia. Usipotoboa, mvuke utampasua motoni, wallahi! Ile miguu bapa ya kuogelea hukauka kabla ya mwili ikakatika, kwa hiyo ifunike kitambaa kibichi. Anika kivulini. Siku ya kuchoma, mpashe kwanza kando ya makaa, ndipo umrundikie kuni.