Printa ya Mabango Iliyotumika: Niangalie Nini?

Swali: Nina duka la uchapishaji mjini Embu. Kuna mtu huko Makutano, Meru, anayeuza printa ya mabango ya upana wa mita 1.6, yenye kichwa cha Epson DX5. Nikague nini kabla ya kulipa?

Jibu: Mwombe asiiwashe mpaka ufike. Mashine iliyosafishwa asubuhi huficha mengi, na sampuli zilizoning'inizwa ukutani si ushahidi wa lolote.

Anza na kichwa, kwani ndicho ghali. DX5 ina safu 8 za nozeli 180. Chapisha jaribio la nozeli, utazame mistari iliyokatika au kupinda. Kisha chapisha mita mbili hivi za rangi iliyojaa, urudie jaribio papo hapo. Nozeli zikipotea baada ya kazi, wino haufiki vizuri: huenda ni dampa, pampu au kifuniko cha kichwa, na hivyo hubadilishwa bila kufilisika. Zikibaki zilezile hata baada ya kusafisha, mgonjwa ni kichwa chenyewe. Bei ishuke kwa thamani ya kichwa kipya, la sivyo panda matatu urudi Embu.

Printa iliyokaa miezi bila kazi mimi siigusi. Wino hukauka ndani. Uliza pia programu ya RIP na leseni yake.

Mkikubaliana, wino utolewe kwenye mabomba na kichwa kifungwe imara kabla ya kupakia. Kona na matuta ya njia ya Chuka yanatosha kuumwaga juu ya bodi ya umeme.