Somo: Ukali wa Dawa si Ukubwa wa Kidonge

Ndugu wafanyakazi, wa hapa na wa nchi jirani,

Kiwandani na shambani twasikia kila siku: "Dawa hii kali, ile si kitu." Leo tujifunze maana ya neno hilo.

1. Ukali. Wataalamu hupima ukali kwa kiasi cha dawa kinachotakiwa ili ifanye kazi. Dawa inayofanya kazi ile ile kwa kiasi kidogo zaidi ndiyo kali zaidi. Ni kama pilipili: kichaa moja huwasha mchuzi sawa na pilipili za kawaida kadhaa. Mfano: deksamethasoni miligramu 0.75 hutuliza uvimbe karibu sawa na prednisoloni miligramu 5. Deksamethasoni ni kali zaidi, lakini haina maana kuwa ni bora. Na mtu akimeza miligramu 5 za deksamethasoni mahali pa miligramu 5 za prednisoloni, amezidisha kipimo karibu mara saba.

2. Uwezo. Huu ni upeo wa kazi ya dawa, hata ukiongeza kiasi. Parasetamoli hutuliza maumivu madogo na ya kadiri. Maumivu makubwa ambayo mofini huyatuliza, parasetamoli haiyawezi, hata umeze chupa nzima.

Hapo ndipo wengi wetu huumia. Mgongo unauma, kazi ya siku haijakwisha, mtu aongeza vidonge ili amalize. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 kwa saa 24. Akizidisha, ini laweza kuharibika, naye siku ya kwanza asisikie kitu. Kama kipimo hakitoshi, dawa ni kwenda zahanati na kupumzika, si kuongeza.

3. Tufanye nini? Tusipokee vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi tupu. Tudai viandikwe, kwa lugha tunayoisoma, jina, miligramu, idadi na saa za kumeza. Tusipeane vidonge kwa kufananisha rangi. Sumu za kunyunyizia mimea nazo ni hivyo hivyo: kifuniko kimoja cha hii si sawa na kifuniko kimoja cha ile. Tudai maandishi na vipimo kabla ya kuchanganya.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Kidonge kidogo chaweza kuwa kikali kuliko kikubwa? Kwa nini?
(b) Ukali na uwezo vina tofauti gani?
(c) Dawa za zahanati yetu zimeandikwaje?